Maman Alipoanua Muhogo

Juzi nilimkuta Maman uani kwetu Kamembe, amesimama kando ya mkeka wa muhogo, akitazama ziwa. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Muhogo ulikuwa umeanikwa juani, na harufu yake ya uchachu ilijaa ua mzima. Anga lilikuwa safi kabisa. Maman akainua uso, akanusa upepo uliotoka upande wa Bukavu, ng'ambo ya ziwa. "Ita batoto," aliniambia. "Tuanue."

Tulipoingiza beseni la mwisho, ziwa lilianza kunguruma. Mvua ikaja juu ya maji kama ukuta mweupe, ikaimeza ng'ambo yote, ikayapiga mabati yetu hadi hatukusikiana. Nilimtazama Maman kwa hofu. Niliamini ni yeye aliyeileta, kwamba mvua hungoja muhogo uingie ndani kwanza. Ndiyo maana kiangazi kilipozidi, niliuanua mkeka mzima peke yangu ili inyeshe. Nilichapwa.

Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiusoma upepo, kama mama yake alivyomfundisha. Lakini juzi, msimu wa mvua ukiwa katikati, maharage yalikuwa yamenyauka shambani. Maman alinusa upepo, akanusa tena, akatikisa kichwa.

"Mutoto yangu," akasema, "unakumbuka siku ile ulianua muhogo?"

"Nakumbuka fimbo."

Hakucheka. Aliinama, akashika pembe ya mkeka.

"Shika huko. Tujaribu."

Tukauanua muhogo wote chini ya jua kali, kisha tukakaa mlangoni, tukalitazama ziwa.