Muuza Uji wa Saiti

Mume wangu ni fundi ujenzi hapa Kahama. Nyumbani alikuwa kimya kama jiwe, lakini kila asubuhi, kabla ya kupanda jukwaa la kujengea ghorofani, alikaa kwa mwanamke anayeuza uji pale saiti na kumsimulia mambo. Nikafunga kanga kiunoni, nikaenda kumvaa.

Hakubishana. "Dada, mumeo aliniambia amechoka kuishi. Nimemkataza kupanda kabla sijamtazama usoni. Asipopita hapa, namwita msimamizi."

Nikaifungua kanga kiunoni. Tunalala kitanda kimoja, halafu neno zito kama hilo anampa muuza uji!

Siku hizi uji nampikia mwenyewe. Anaumaliza, ananishukuru, kisha anapita kwa yule muuza uji. Wivu unanichoma, lakini jioni anarudi.