Mtahiniwa Aliyeonekana Mwanamume

Tarehe 3 Machi 2025, saa tatu na dakika nne asubuhi, msimamizi wa mtihani wa makarani aliandika kwenye fomu kwamba mtahiniwa aliyeketi mbele ya kamera ni mwanamume. Akausitisha mtihani.

Mtahiniwa ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, karani wa masjala katika shule ya sekondari. Miaka tisa amepanga majalada ya walioajiriwa, yeye mwenyewe akiwa wa mkataba. Mtihani huo, unaofanyiwa nyumbani kwa kompyuta huku msimamizi akiangalia kwa mbali, ndio njia yake pekee ya kupata ajira ya kudumu. Ameruhusiwa kuurudia mara moja tu.

Mwanamume aliyeonekana ni mumewe, mwalimu wa hisabati, aliyefariki Novemba. Alipougua alifundisha kwa kompyuta akiwa nyumbani, na alipoanza kukonda hakutaka wanafunzi wamwone. Mdogo wake, fundi wa kompyuta, akamwekea programu ya kamera bandia kwenye kompyuta hiyo, ambayo sasa anaitumia mjane. Sauti ilikuwa ya siku ile ile, ila picha ilikuwa video ya dakika nne: mwalimu mwenye mashavu, shati la buluu, akitikisa kichwa na kuandika. Ikiisha, inaanza upya.

Jumamosi fundi alikuja. Mjane alimweleza kuwa ameshaifuta programu, lakini mume bado anatokea. Kumbe alikuwa amefuta alama yake tu kwenye skrini.

“Umeng'oa kibao cha mlangoni, shemeji,” fundi alisema akicheka. “Mwenye nyumba bado yumo.”

Kicheko kikamkauka.

Alifungua orodha ya programu, akaichagua. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Hapo akakwama. Alisema video ilirekodiwa ndani ya programu hiyo hiyo na itaondoka nayo, hivyo akatoa simu airekodi kutoka kwenye skrini. Picha haikutulia. Akaomba waiache hadi kesho.

Mjane akamwambia aweke simu chini.

“Huyo alikuwa wa wanafunzi. Wangu alikuwa huku, upande wa pili wa meza, amekwisha, namshikia kikombe cha maji. Yule hana picha hata moja.”

Akaivuta kompyuta, akabonyeza mwenyewe. Ilipowaka upya, kamera iliwaonyesha wao wawili, fundi akijifuta uso kwa kiganja.

Mtihani wa marudio ni Jumatatu, tarehe 17 Machi, saa tatu asubuhi. Msimamizi ni yule yule.