Salamu kwa Mjomba, Swali la Mahindi

Mume wangu na binti yetu wa mwisho waliuawa na vidonge vya kuhifadhia mahindi. Nasema waliuawa. Padre alisema wameitwa, nami sikubishana naye mbele ya majeneza mawili. Lakini mtu akiitwa, yupo aliyemwita. Mimi niliishia darasa la nne, ila hao waliowaita nawajua.

Kwetu ni mlimani, upande wa Mgeta, tunalima kitunguu saumu na kabichi. Mahindi tuliyozoea ni yale ya kuning'iniza juu ya moto na maganda yake, moshi unayalinda mwaka mzima. Mwaka ule mume wangu alipeleka vitunguu Gairo, akarudi na magunia mawili ya mahindi yaliyokwisha pukuchuliwa. Hayo huwezi kuyaning'iniza. Na dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa vumbi, hasubiri. Jikoni yangeibiwa, tukayaweka chumbani tunapolala.

Vidonge nilivinunua mwenyewe mjini. Mwenye duka la pembejeo alifungua kopo, akanihesabia vichache, akanifungia kwenye kipande cha gazeti kama karanga.

"Tia ndani ya gunia, funga mdomo, basi."

"Lakini tunalala chumba hicho hicho, baba."

"Sasa mama, dawa ni ya wadudu. Wewe ni mdudu?"

Waliokuwepo dukani wakacheka. Na mimi nikacheka. Kopo lilikuwa na maandishi mengi na picha ya fuvu la kichwa, lakini kopo lilibaki kwake. Mimi nilipewa gazeti.

Tulivitia jioni ile ile. Kulipokucha, chumba kilinuka kitunguu saumu. Nani angeshtuka? Mafungu ya vitunguu yananing'inia darini, nguo zetu zinanuka, hata tukishuka mjini watu wanajua tumetoka wapi. Ila harufu hii ilikuwa na kitu kama samaki aliyeoza ndani yake, na binti aliamka analia kichwa. Nikamwambia baba yake moyo wangu hautulii.

"Piga redioni," akasema. "Leo Jumamosi, yule mtaalamu yupo. Ila tafadhali, mjomba usimsahau."

Kile kilikuwa kipindi cha sayansi ya nyumbani. Mtangazaji na mtaalamu wake wanapokea simu, watu wanauliza ya friji, ya mkaa, ya betri za sola. Mwaka wa nyuma niliwahi kupiga kuuliza habari ya taa ya sola, nikaenda moja kwa moja kwenye swali. Mjomba, kaka wa mama yangu, alinuna miezi mitatu: mwanangu anasikika mkoa mzima na jina langu halimtoki! Kwetu Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Ukimkosea heshima, msimu ujao utalima mawe.

Basi nikapiga. Kwanza alikuwepo kijana wa Mzinga anayeuliza kama simu iliyoingia maji inapona ikizikwa kwenye mchele.

"Inapona," mtaalamu akamjibu, "lakini mchele huo usimpikie mgeni!"

Wakacheka sana. Halafu ikawa zamu yangu.

"Shikamoo mtangazaji, shikamoo mtaalamu."

"Marahaba, ingawa mama unanizeesha! Swali?"

"Kwanza nimsalimie mjomba wangu huko aliko, na shangazi, na mama mkwe wangu..."

"Mama, swali, mama!"

"Nakuja, baba. Na mawifi zangu wa Bigwa, na wanajumuiya wenzangu wote..."

"Jamani, huyu mama ana ukoo kama mchwa!"

"Ehe, nilikuwa nauliza, haya mahindi ukiyatia vidonge..."

Wakaweka tangazo la sabuni. Simu ikakatika. Nikapiga tena, inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Redio yetu pale mezani ikasema, "Mama wa salamu katukimbia," na mtaalamu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari lake, "Nadhani aliuliza vidonge vya mahindi. Ni teknolojia nzuri sana. Muhimu afunge vizuri, hewa isitoke."

Mume wangu alikuwa mtu wa kutii. Alifunga upya midomo ya magunia. Kisha, ili hewa isitoke kweli, akasindilia matambara kwenye dirisha na juu ya ukuta, pale bati linapoacha uwazi. Mvua ilianza mchana ule, ikanyesha siku mbili, mlango nao tukaufunga kwa baridi. Mimi nalala mlangoni, kwa kuwa ndimi ninayewahi kuamka. Ndiyo maana niko hapa kuandika.

Jumatatu asubuhi nilitoka nje nikatapika, miguu haina nguvu. Nikarudi kumwamsha binti. Hakuamka. Baba yake alikuwa anapumua kama mtu aliyekaliwa kifuani. Majirani walimbeba kwa machela kwenye utelezi hadi barabarani, akafa kabla gari halijafika hospitali. Mimi nililazwa.

Daktari aliniuliza swali moja tu: mahindi mnayaweka wapi? Nilipomjibu akaketi kitandani pangu. Akasema kidonge kikikutana na unyevu kinatoa hewa ya sumu, harufu yake kama kitunguu saumu, na gunia haliwezi kuizuia. Hakitakiwi kabisa nyumba anayolala mtu. Alimaliza kunieleza kabla muuguzi hajamaliza kunifunga dripu. Hata tangazo la sabuni lilikuwa refu kuliko maelezo yake.

Nawataja, basi. Mwenye duka, aliyebaki na fuvu lake. Mtangazaji na sabuni yake. Mtaalamu, aliyejibu swali ambalo hakulisikia. Na mimi, niliyeanza na mawifi. Wenzangu wote wanalala vizuri. Kipindi bado kipo kila Jumamosi, wanacheka vilevile.

Siku ya matanga mjomba alifika, akakaa karibu yangu kwenye mkeka. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "nilikusikia redioni. Nilikuwa na watu, wote wakasikia. Asante kwa kunikumbuka."

Nikamwambia, "Asante, mjomba."