Darasa la Kuazima

Mpaka leo nikimwona yule prefe, mkuu wa shule ya binafsi ya mtaani kwetu hapa Kisangani, damu inanichemka. Ananisalimia kwa ile sauti yake tamu: "Mama, habari ya nyumbani?" Nyumbani kupi, we mwanaume? Kule ulikokuvuruga?

Binti yangu alikuwa darasa la sita la sekondari, lile la mwisho, linaloishia kwenye mtihani wa Serikali. Bila mtihani ule huna diploma, na bila diploma huingii chuo kikuu. Alitaka kusomea kilimo, aende kufanya kazi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yake tangu mdogo, na mimi nilimwahidi kwamba atafika.

Mwaka ule watoto walikuwa wanahama shule ile kimya kimya. Mwalimu wa fizikia aliondoka, wa hesabu akamfuata, na wanafunzi nyuma yao. Sisi wazazi tulisikia minong'ono tu. Tukimuuliza prefe, anacheka: "Classe imejaa kabisa, mama. Usiogope bure."

Kisha akatuita tuje kuona kwa macho yetu. Tukaingia darasani. Benchi zote zimejaa, mashati meupe, sketi za bluu, watoto wakasimama pamoja wakatuimbia bonjour. Wazazi wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu.

Halafu nikamtazama msichana aliyekaa kando ya binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Eh! Si mtoto wa jirani yangu huyu? Huyu alishafaulu mtihani wa Serikali mwaka uliopita! Siku matokeo yalipotoka mtaa mzima ulishangilia, na ni mimi, kwa mkono wangu, niliyemmwagia poda nyeupe kichwani, kama tunavyomfanyia hapa kila anayepata diploma. Alipiga chafya mpaka tukacheka. Sasa amevaa uniforme, anatafuta nini?

Nikamuuliza palepale, mbele ya watu wote. "We mtoto, si ulishapata diploma? Si nilikumwagia poda mimi?"

Akaanza kulia. "Mama, prefe alituomba tu tuvae, tuikale kidogo kwenye benchi. Ni leo tu."

Alituomba? Yeye na nani? Nikawaangalia wengine vizuri. Huyu anasuka nywele sokoni. Yule ameolewa, ana mtoto mchanga nyumbani! Wazazi wengine nao wakaanza kuwatambua. Jamani, kelele za siku ile! Papa mmoja, mzazi kama mimi, alimkamata prefe shati, tukawaachanisha kwa shida, na kusema kweli mimi sikuvuta sana.

"Bon, wamama, wapapa, tutulie," prefe akasema, anajipangusa jasho. "Watoto walipungua. Basi donc nilikuwa nangoja classe ijae kwanza, ndipo niwaandikishe kwa mtihani."

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa kuandikisha kulishafungwa. Lakini wangali watoto, mama. Watarudia tu mwaka."

Watarudia tu! Mwaka wa mtoto wangu, anautupa kama maji ya kuoshea vyombo! Angetuambia mapema, ningemhamisha binti yangu kama wenzake walivyohamishwa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja.

Nyumbani hasira ikamgeukia binti. "Kwa nini hukuniambia? Unakaa na benchi tupu miezi yote hiyo, unanyamaza?"

Alikuwa anavua viatu vya shule. Hakuinua uso.

"Kila asubuhi nilikuwa nafikiri, leo watarudi."

Nikaviokota vile viatu, nikavipangusa vumbi.

Wenzake waliohama mapema wako chuo kikuu sasa. Yeye anarudia darasa la sita, katika shule nyingine. Watu wakimuuliza kwa nini, anawaambia alikuwa mgonjwa.