Picha ya Mkono Wangu Mwenyewe

Nilikuwa nikijisifu barazani kwamba hakuna kitu duniani cha kunishangaza, maana mtu niliyeishia darasa la nne, nikaanza kwa kubeba viroba vya machungwa mgongoni na leo nina malori matatu yanayopita mpakani Horohoro kama yanakwenda kwao, anishangaze nani? Basi nimeshangazwa, tena na mkono wangu mwenyewe, tena mbele ya wakwe, na aibu yake naieleza mwenyewe kabla hamjaipata kwa watia chumvi.

Kaka yangu Mbwana kalala na kiharusi kule Maramba, na binti yake Zaituni alikuwa anaolewa, ndoa ifungwe kwangu hapa Usagara. Kaka hakuweza kusafiri, akaniweka mimi niwe walii, nimuozeshe kwa niaba yake. Kwenye simu maneno yalimtoka kwa taabu.

“Mdogo wangu, pilau kuleni nyie. Mie niletee picha ya mkono wako umemshika bwana harusi. Niuone, niamini nimeozesha.”

Zaituni akataka tumkodi Salehe, kijana anayepiga picha za pasipoti kibandani karibu na soko. Nikaiangalia kamera yake, imechubuka kona zote, mkanda umefungwa kwa kipande cha kanga, nikamwambia hiyo kawauzie wa vyuma chakavu, wewe njoo ule tu. Nikanunua ya kwangu, milioni mbili na laki nane, lenzi ndefu kama chupa ya chai. Nikamwambia Zaituni kamera kama hii inapiga yenyewe (mimi, mwenye malori, ambaye dereva mmoja aliniingizia lori jipya mtaroni wiki ya kwanza).

Siku ikafika. Nilipiga picha tangu bwana harusi anashuka garini, nikapiga wazee, nikapiga masinia, watu wananipisha, nami najiona. Sebuleni nikapanda juu ya kiti, jicho moja nimefumba, nausubiri ule mkono alioutaka kaka. Nikamsikia shehe anauliza walii yuko wapi. Kisha watu wote wakanigeukia mimi, juu ya kiti.

Wallahi, ndiyo kwanza ikanijia kwamba mkono wenyewe ni wangu.

Mtu mwenye akili angempa mwenziwe kamera. Mimi nikakaa mkekani, mkono wa kulia nikamshika bwana harusi, wa kushoto nikainua ile kamera nzito kama jiwe la mizani, nikatamka nimekuozesha Zaituni binti Mbwana, na kidole kikakwama palepale kwenye kitufe. Ikamwaga picha mfululizo, taa inampiga bwana harusi machoni, naye badala ya kuitikia nimekubali akawa anafikicha macho. Upande wa wakwe wakaanza kunong'onezana kwamba kijana anasita. Nyuma ya pazia mama wa kijana akauliza kwa sauti, “Kakataa?”

Shehe akavua miwani. “Bwana Omari, unaozesha au unapiga picha? Shika moja.”

Nikaiweka kamera chini bila kutazama, kumbe juu ya sahani ya halua. Nikatamka upya, kijana akaitikia, ndoa ikafungwa.

Tulipotazama picha zangu, wakwe wameniinamia mabegani, bwana harusi alikuwa mweupe kama kapakwa unga, wazee weusi tititi, na za mwisho zote ni dari na ndevu zangu. Mkono haumo. Akilini nikamwona kaka kitandani, anaungoja huo mkono.

Ndipo Salehe akasogea na kile kikamera chake. Kumbe alisimama kando ya mlango, akaungoja mwanga, akapiga moja tu. Mkono wangu umo, na kovu la kamba za viroba, na uso wangu umeinama namtaja mtoto wa kaka, sura ya Mbwana kabisa.

Nikamsogezea ile ya kwangu. Yeye akafuta halua kwenye kamera yangu, akageuza kidude kimoja, akamsogeza shangazi yetu aliyekuwa karibu hatua mbili kuelekea mlangoni, akapiga. Kwenye picha shangazi akatoka kama bibi harusi. Akanipa kikamera chake nami nijaribu.

Shangazi akaitazama picha yangu. “Omari, tumegombana lini hata unikate kichwa?”

Picha nimeipeleka Maramba mwenyewe. Kaka akaigusa kwa mkono ulio mzima, akasema, “Nimeozesha.” Namshukuru Mungu, kisha namshukuru Salehe, ambaye angeweza kula pilau yangu akaniacha na ujinga wangu. Kamera yangu inakaa kibandani kwake, aifanyie kazi, na kila Jumamosi naenda kufundishwa pa kusimama. Harusini nakwenda mikono mitupu.

Nilipomuuliza bei akasema hakukodiwa, nilipe fremu na kusafisha picha tu. Kamera milioni mbili na laki nane, picha elfu kumi na nane. Jumla shilingi milioni mbili, laki nane na elfu kumi na nane, na kilichotundikwa ukutani kwa kaka ni hizo elfu kumi na nane.