Liberatus Anyakua Mpira wa Malkia

Crispin wa Kalenga alikuwa mtu wa majani. Utotoni aliyakata ya kuezekea nyumba ya babaye, na mvi zilipoanza kumwota akawa mtunza uwanja wa klabu ya Wazungu pale Iringa, akiyafyeka na kuyamwagilia kama mtu anayelea mtoto.

Mwaka ule alipotawazwa Malkia wa Uingereza, Wazungu wa Tanganyika na wale wa Kenya, mahasimu wa tangu zamani katika raga, walipanga kukutana Iringa kwa mechi ya ukumbusho. Crispin alikabidhiwa mpira mpya wenye umbo la papai, umepigwa chapa ya taji ubavuni. Aulinde mpaka filimbi ilie.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa Liberatus, fundi viatu wa sokoni.

Liberatus alikuwa Mngoni, na Crispin Mhehe. Babu zao waliuana kwa mikuki. Wajukuu wakarithi utani. Kwa miaka mingi wawili hao hawakupishana njiani bila kutukanana mpaka wapita njia wakashika mbavu. Kisha Verediana, mke wa Crispin, akafa. Siku ya maziko Liberatus alifanya kama desturi inavyomruhusu mtani: akaruka ndani ya kaburi, akajinyoosha, akasema, "Nyumba nzuri hii! Sitoki mpaka nilipwe." Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Crispin hakucheka. Uchungu ulimziba macho. Akamvuta mtani wake kwa ukosi, akamzaba kofi mbele za watu.

Tangu siku hiyo Liberatus alimpa heshima. "Habari za asubuhi, Bwana Crispin," humwambia, na kofia huvua. Heshima ile ilimchoma Crispin kuliko tusi lolote. Alikwenda kwa wazee kuuliza afanye nini. "Utani hauombewi radhi," wakamwambia. "Ngoja akuchokoze. Na asipokuchokoza, basi utani umekwisha."

Akangoja mwaka, akangoja wa pili.

Siku ya mechi kulikuwa na baridi ya Juni, ile inayouma masikio. Wazungu walikaa vitini na mablanketi yao. Waafrika walisimama nyuma ya kamba. Timu zilikuwa zimekwisha kujipanga. Crispin aliuweka mpira juu ya benchi, akainama kuchomeka kibendera kilicholazwa na upepo. Alipoinuka, mpira haupo.

"Wala mbwa nyie!" Sauti ilitoka kwenye kamba, na tusi la kale la Wangoni kwa Wahehe. "Mtaweza kulinda mpira? Mngepewa paja la mbwa, hapo mngekesha!"

Liberatus alikuwa ameukumbatia mpira wa Malkia kifuani.

Askari akachomoa rungu. Katibu wa klabu, Mzungu mwenye shingo nyekundu, akaja mbio. "Crispin! Mwizi huyu unamjua?"

Neno moja tu lilitakiwa. Angesema ndiyo, ni mwizi, kazi yake ingesalimika, na Liberatus angelala ndani. Crispin alimtazama yule fundi viatu. Kidevu kilikuwa juu kama zamani, ila jicho moja lilikuwa kwenye rungu la askari.

"Namjua, Bwana," alisema. "Ni Mngoni. Babu yake aliwakimbia babu zangu mpaka akaisahau ngao, na mjukuu ameokota papai, anadhani ndiyo ile ngao!"

Kicheko kikalipuka nyuma ya kamba. Askari, naye kijana wa Kihehe, akageuza uso ili katibu asione meno yake.

"Ukomboe basi," alisema Liberatus. "Siutoi bure."

Crispin akavua viatu, akamrushia.

"Hivi? Nimevishona mwenyewe!"

"Ndiyo maana vinavuja!"

Liberatus akavitundika shingoni kwa kamba zake, akautoa mpira kwa mikono miwili. Katibu aliupokonya. "Kesho ofisini," alimwambia Crispin, na filimbi ikalia.

Crispin akasimama kwenye kamba, miguu mitupu juu ya majani aliyoyafyeka mwenyewe, bega kwa bega na mtani wake. Kwa kuwa yeye alishangilia Tanganyika, Liberatus akashangilia Kenya. Uwanjani wanaume walikwidana, wakaangushana, wakatoka damu puani, kisha wakapeana mikono na kuinuana matopeni.

"Hawa nao ni watani?" aliuliza Liberatus.

"Sijui. Hawatukanani vizuri."

Kenya walishinda. Liberatus alimsindikiza Crispin mpaka kwenye njia panda akimzomea, na hata walipoachana walizidi kurushiana maneno, mmoja akipanda kilima na mwingine akishuka, mpaka upepo ukawatenganisha.

Apolonia, binti wa Crispin, alimkuta mlangoni sauti imemkauka.

"Baba! Umegombana na nani?"

"Na Liberatus. Kanitukana mchana kutwa, yule mlevi. Amesema kesho atakuja kula hapa, hata sijamkaribisha."

Apolonia alimtazama babaye usoni. Kisha akajifunga kanga vizuri, akatoka uani kumkamata jogoo.