Niliyemusafisha Bikira Maria

Miye njo nafagia kanisa letu hapa Kalemie, na uchafu siuvumilii hata kidogo. Papa Anselme, muzee wa hapa kwetu anayekusanya vitu vya zamani, alitupatia Bikira Maria wake aliyechorwa kwenye kioo. Juzi nikamutoa kwenye fremu, nikaona mugongo wa kioo umejaa madoa, nikausugua kwa sabuni. Kumbe rangi yote ilipakwa nyuma! Uso ukaenda na maji, pakabaki kioo kitupu, unaona mupaka upande wa pili. Nikakirudisha hivyo hivyo kwenye fremu.

Jumapili sikutulia, misa nzima nilikaa, nikasimama, nikatoka, nikarudi. Mwishoni Papa Anselme akaniita: “Mama Vero, inua picha nimusalimie Bikira wangu.”

Nikaiinua mbele ya uso wangu, nijifiche nyuma yake. Akapiga magoti, akatazama.

“Mama Vero, tangu lini Bikira anatoka jasho?”